Kijiti cha Mikato Mitatu

Kaa hapo, mwanangu, kwenye gogo. Usiukalie ubao ule ulioegemea ukuta. Haujakauka bado, ukiukalia leo kesho utapinda, nami nitakulaumu wewe, niliache jua. Nanyi wawili mliosimama mlangoni, ingieni, mnaniziba mwanga. Haja yenu nimekwisha kuisikia. Wewe una kazi yako forodhani, mwenzako anauza chumvi ya Saadani, na huyu wa tatu analima shamba la baba yake kule Kerege. Hakuna hata mmoja anayetaka kuwa seremala. Mnataka kushika patasi baada ya sala ya alasiri, mchonge kidogo, roho ifurahi, kisha mrudi majumbani kwenu.

Mafundi wengine watawacheka. Watasema mti si mchezo wa bao. Mimi sitawacheka, kwa sababu mtu niliyemwonea wivu kuliko watu wote niliopata kuwajua alikuwa wa namna yenu: mchongaji wa kujifurahisha. Nitawasimulia habari zake, lakini kwanza vyombo, maana najua mmekwisha kupita dukani kuvitazama.

Msinunue vingi. Anayeanza hununua vyombo kumi, akavinoa vibaya vyote kumi. Chukua patasi moja ya upana wa kidole, msumeno mdogo wenye meno ya karibu karibu, na kinoo. Kama uwezo wako ni wa kitu kimoja tu, chukua kinoo, patasi uazime. Patasi butu haikati mti, huung'ata. Na wewe kwa hasira utaisukuma kwa nguvu zako zote, iteleze, na kitakachokatwa ni kiganja. Tazameni kovu hili. Hii si kazi ya patasi kali. Ni kazi ya patasi butu na kijana mvivu wa kunoa.

Bwana wangu katika kazi alikuwa Fundi Kheri, mwenye banda nyuma ya soko hapa hapa Bagamoyo, mtu mfupi wa mikono mirefu, ambaye macho yake yalianza kuingia ukungu mimi ningali kijana. Mwaka wangu wa kwanza alininolesha patasi Ramadhani nzima. Kila jioni nilijaribu makali yake kwa kunyoa malaika, vile vinyweleo vya mkono. Mimi ni mtu wa shoto, chombo nakishika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo uliokuwa ukinyolewa ni wa kulia. Idi ilipofika, mkono mmoja ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, mwingine una manyoya kama kawaida. Mama akanitazama nikila pilau, akauliza, "Athumani, umeungua?"

Shoto hii yangu ishikeni, nitairudia.

Na makosa msiyaogope. Kitanda cha kwanza nilichokitengeneza peke yangu kilikuwa cha bwana harusi mmoja wa Kaole. Tendegu, ule mguu wa kitanda, kama mjuavyo, lina matundu mawili, moja la ubao mrefu wa ubavuni na moja la ubao mfupi wa kichwani. Matundu hayo lazima yapishane kimo, moja juu kidogo, moja chini kidogo, ili tendegu libaki na nyama katikati. Mimi niliyatoboa yote kimo kimoja, kwa sababu kwa macho yangu yalipendeza hivyo. Siku ya tatu ya fungate alikuja bandani bibi mmoja, somo, yaani kungwi, wa yule bibi harusi, amejitwika tendegu lililokatika.

"Nani fundi wa hiki?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Bwana harusi anakusalimu sana. Yuko chini."

Banda zima liliangua kicheko mpaka Fundi Kheri akaweka tezo chini, akakaa. Nami baada ya siku ile sijatoboa tena matundu kimo kimoja. Kosa la namna hiyo lina heri yake. Ninalotaka kuwaeleza leo si kosa. Nililifanya nikijua.

Ilikuwa miaka ile kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao, nami nilikuwa nimetimiza mwaka wa tisa kwa Fundi Kheri. Siku moja ya mwanzo wa kaskazi, baada ya alasiri, akaingia Omari mshona kofia. Nyote mmeziona kofia za vitobo, zile nyeupe ambazo kila kitobo kimezungushwa uzi mpaka kofia nzima ikawa kama sega la nyuki. Kofia za Omari zilivaliwa na watu wazito. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, na vidole vyembamba visivyolingana na mwili huo.

"Fundi," akasema, "vidole vimechoka na sindano. Nataka kushika kitu kigumu."

"Unataka kazi?"

"Kazi ninayo. Nataka raha."

Fundi Kheri alicheka, akaniita. "Mfundishe huyu, Athumani. Wewe una subira ya kufundisha kuliko mimi."

Ilikuwa kweli, na hata leo ni kweli. Kufundisha nakupenda. Nilimwanzisha Omari kwa mwiko, kama nitakavyowaanzisha ninyi, kwa sababu mwiko ni kipande kidogo na una kila kitu: bonde, mgongo, mkia, na nyuzi za mti za kufuata. Nilimwambia mti una nyuzi kama kitambaa. Ukikata kwa kuzifuata unateleza, ukikata kwa kuzipinga unachanika. Mshona kofia hahitaji kuambiwa hilo mara mbili. Wengine huchukua wiki mbili kwa mwiko wa kwanza. Yeye alichukua siku mbili, akaufuta kwa mafuta ya nazi, akampelekea mama yangu kwa adabu, kumshukuru kwa kuwa mwanawe anamfundisha.

Mama alikuwa na miko yangu saba. Kuanzia siku ile akasongea ugali kwa ule wa Omari.

"Kwani yangu ina nini, mama?"

"Haina kitu, mwanangu. Huu unakaa mkononi."

Hapo ndipo ulipoanza. Wivu nilikuwa nikidhani huja kwa kishindo, kumbe kwangu ulikuja kama mchwa. Nilianza kuisikiliza nyundo yake badala ya yangu. Akinyamaza nilijiuliza anafikiri nini. Akikosea nilifurahi, kisha nikasogea kulitazama kosa lake, nikaona lina umbo. Yeye hakutumia bikari kuchora maua. Alihesabu vitobo, kama kwenye kofia, na kutoka kwenye vitobo vile likatoka jani, kutoka kwenye jani likatoka shada. Wapita njia walianza kusimama mlangoni. Miaka tisa hakuna aliyesimama kwa ajili yangu, ila yule somo wa tendegu.

Mwezi wa tatu Omari alichonga pindo la kisanduku cha kuwekea kofia. Fundi Kheri, ambaye kwa wakati huo alizoea kuona kwa vidole, akalipapasa polepole kutoka kona hadi kona.

"Nani kafanya?"

"Omari," nikasema.

"Nilidhani ni wewe, siku uliyolala vizuri."

Alikuwa akitania. Nilicheka pamoja nao. Nililala vibaya siku nyingi baada ya hapo.

Sasa lazima niwaeleze vijiti, kwa maana bila vijiti hamtaelewa nilichokifanya. Ubao uliopasuliwa leo una maji ndani yake, na kadiri maji yanavyotoka upana wake hupungua. Ukiuchonga kabla haujamaliza kupungua, utaendelea kupungua ndani ya kazi yako: utapinda, utabana, utapasuka. Macho hayawezi kuona maji yale. Kwa hiyo bandani kwetu kila ubao ulikuwa na kijiti chake cha mwanzi mkavu, kilichokatwa sawasawa na upana wa ubao, kikafungwa nao kwa uzi. Mwanzi mkavu haupungui urefu. Kila mwezi ulipoandama tuliweka kijiti juu ya ubao. Kikichomoza pembeni, maana yake ubao umepungua. Tulikikata upya kilingane, tukasubiri. Kikilingana, tulikitia mkato mmoja kwa kisu. Kikilingana tena mwezi wa pili, mkato wa pili. Mkato mmoja ni matumaini, wa pili ni dalili, wa tatu ni ruhusa. Bila mikato mitatu hakuna aliyegusa ubao kwa msumeno, hata Fundi Kheri mwenyewe. Na mikato ya kila mtu ilijulikana: ya wenzangu ililalia kulia, yangu, kwa ajili ya shoto, ililalia kushoto.

Siku hizo tulipewa kazi ya mlango wa nyumba ya mfanyabiashara mmoja upande wa pwani. Katika mlango, mahali pa heshima ni ubao wa juu, na katika ubao wa juu ni ua la katikati, ambalo kila aingiaye huliinulia macho. Miaka tisa nilikuwa nikichonga minyororo ya pembeni. Macho ya Fundi sasa hayakumwezesha tena kuchonga. Nilijua ua lile ni langu.

"Ua la katikati atachora Omari," Fundi akasema. "Wewe utachonga."

"Yeye si fundi, Fundi. Ni mshona kofia."

"Ndiyo. Na wewe ni fundi. Hebu nichoree ua ambalo sijapata kuliona."

Nilikwenda pembeni na chaki, nikachora mpaka adhuhuri. Nikamletea kibao. Akakileta karibu na jicho lake lililo bora, akakizungusha kwenye mwanga.

"Hili nalijua," akasema kwa upole. "Ni langu."

Jioni ile ile Omari akaja kwangu anatabasamu mpaka masikioni. Binti yake, Mwanaisha, alikuwa anakaribia kuhitimu Kurani. Mwalimu ametaja Ijumaa baada ya siku arobaini. Omari alitaka kumchongea marufaa, kile kiweko cha kuwekea msahafu. Na si cha mbao mbili na msumari, la. Alitaka ile ya ubao mmoja, inayopasuliwa katikati ya unene kutoka ncha zote mbili na kuachiwa bawaba za mti huo huo, ikifunguka haina msumari wala gundi. Ni kazi ngumu. Nilikuwa nimemwonyesha mara moja tu.

"Nichagulie ubao, ndugu yangu. Wewe ndiye mwenye macho."

Nikamchagulia. Kulikuwa na ubao wa mfenesi, wa manjano mzuri, uliopasuliwa wiki mbili tu nyuma. Siku ile ile, kabla hajaja kuuchukua, nilikata mwanzi mpya sawa na upana wake, nikautia mikato mitatu kwa mpigo mmoja, nikaupaka vumbi la sakafuni ili usionekane mpya. Kijiti kile kilikuwa kinasema uongo wa miezi mitatu.

Omari alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikitazama kijiti, akahesabu mikato kwa ukucha. Kisha akauinua ubao.

"Mbona mzito?"

"Mfenesi ni mzito kwa asili," nikamwambia. "Usiufananishe na mbao nyingine. Una mafuta yake." Nilimfundisha uongo kwa upole ule ule niliomfundishia ukweli, nikamwekea na mkono begani.

Mniulize nilitaka nini. Nilitaka kipasuke. Nilitaka kipasuke mbele ya watu, siku ya hitima, Mwanaisha akihitimu, mwalimu ameketi na akina mama wamejaa uani, ili waseme: basi, huyu ni wa kofia.

Lakini mti mbichi, wanangu, hukatika kirahisi kama jibini la maziwa mapya. Kazi yake ikatoka nzuri kuliko zote alizopata kufanya. Shada lilipanda kutoka miguuni likafunguka juu kuwa ua lenye vitobo, na ndani ya kila kitobo kitobo kingine. Siku ya kuifungua watu walijaa bandani. Hapo ndipo kazi yote hupimwa: bawaba umezikata, ncha umezipasua, lakini mpaka ufungue hujui kama msumeno ulikutana sawa ndani. Omari akaigonga kwa kiganja. Tak. Ikafunguka kama chaza. Fundi Kheri akapapasa ua lile, akarudia, akarudia tena. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, nimeshika ufagio, na ningeweza kulia kwa wivu. Uongo wangu ulikuwa umempa mti laini.

Jua la kaskazi likafanya kazi yake. Siku ya Jumanne, hitima imebakiza siku tatu, Omari akaja saa za asubuhi, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Akaweka mezani kitu kilichofungwa kitambaa. Akafungua. Bawaba zilikuwa zimebana, hazifunguki wala hazifungi, na ufa umeanzia bawaba ya pili ukapanda ukaligawa ua mapande mawili.

"Lo!" Fundi akasema, kidole chake kikiwa ndani ya ufa. "Mti ulikuwa mbichi?"

"Hapana, Fundi. Nilihakikisha. Mikato mitatu, kijiti chenyewe kipo nyumbani. Mti ulikuwa mkavu." Akajaribu kucheka. "Mkono ndio mbichi. Mkono wa kofia." Kisha akaweka sakafuni mfuko wa vyombo alivyoazima, patasi zangu mbili na kinoo, amevifuta kwa mafuta vizuri. "Nashukuru kwa raha mliyonipa. Athumani, umenifundisha kwa subira. Aibu si yako."

Akaondoka. Fundi Kheri akasema, "Basi ua la katikati ni lako."

Sitawadanganya. Nilifurahi. Nilichukua chaki pale pale. Nilichora ua likawa la Fundi. Nikafuta, nikachora, likawa la Omari. Nikafuta tena. Banda lilikuwa kimya, hakuna aliyesimama mlangoni. Nyundo niliyokuwa nikiisikiliza kwa chuki haikuwepo, na nikagundua kwamba miezi ile yote nilikuwa nikipiga yangu kwa kufuata mapigo yake.

Katika mfuko ule nikaona amesahau pete yake ya kushonea. Nikaifanya sababu. Baada ya adhuhuri nikaenda kwake.

Nilibisha hodi, nikakaribishwa barazani. Omari alikuwa ameketi anashona kofia, hakuinua uso. Kando yake Mwanaisha, mtoto wa miaka kumi hivi, amepakata mto, msahafu juu ya mto, anasoma kwa sauti ya juu, na mkononi ameshika kijiti anachoonyeshea herufi. Kinatembea chini ya kila neno, kinasimama penye kituo, kinaendelea. Nilikitambua kabla sijaketi. Mikato mitatu, yote imelalia kushoto.

"Kijiti kizuri hicho," nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

"Cha chuoni kilivunjika," mtoto akajibu. "Baba kanipa hiki. Anasema kimekatwa na fundi wa kweli."

Nikamtazama akaendelea kusoma. Uongo wangu ukapita chini ya neno, ukapita chini ya lingine. Nilisubiri afike mwisho wa ukurasa, nikasema, "Mwanaisha, mama, kaniletee maji." Alipoingia ndani nikasema haraka, kwa sababu kama ningesema polepole nisingesema.

"Omari, ubao ulikuwa mbichi. Wiki mbili tu. Kijiti kile nilikikata siku ile ile, na mikato yake yote niliikata siku ile ile."

Sindano ikasimama.

"Mzito kwa asili, ulisema."

"Nilisema."

"Na mimi nikamwambia mke wangu vivyo hivyo. 'Mfenesi ni mzito kwa asili, una mafuta yake.' Nikajiona mjuzi." Akaweka kofia chini. "Kwa nini?"

"Mama anasongea ugali kwa mwiko wako."

Mngemtazama uso wake. Alidhani namfanyia mzaha, kisha akaona simfanyii. "Yakhe," akasema, "mimi kila siku nikitoka kwenu narudi nyumbani najiuliza lini nitapiga mstari ulionyooka kama wako." Hakusema hivyo kunifariji. Alikuwa na hasira. Akaongeza, "Hitima ni Ijumaa, Athumani. Mtoto ataweka wapi msahafu? Juu ya toba yako?"

Nilikuwa na ubao mmoja wangu mwenyewe, wa mbambakofi, nimeukausha miaka mitano. Kijiti chake kilikuwa na mikato mpaka hakina nafasi. Nilikuwa nimeutunza uwe ubao wa juu wa mlango wa nyumba yangu, siku nitakapojenga. Urefu wake ulitosha mlango na kuzidi vidole vinne tu. Asubuhi ya Jumatano niliulaza kwenye vigogo, nikauwekea msumeno dhiraa na nusu, mkono mmoja na nusu hivi, kutoka mwisho.

Fundi Kheri alikuwa ameketi upande wa pili wa banda. Mbambakofi una sauti yake.

"Athumani, ubao gani huo?"

"Wangu. Wa mlango."

"Unaukatia wapi?"

Nikamwambia.

"Basi haufiki mlango tena."

"Haufiki, Fundi."

Akangoja. Nikasimamisha msumeno nikamweleza yote, Omari akiwa amesimama hapo, amekunja mikono. Fundi aliniomba vile vijiti vyote vilivyofungwa kwenye mbao, akavipapasa kimoja kimoja, chochote chenye mikato iliyolalia kushoto akakivunja. Vilikuwa vingi, na karibu vyote vilikuwa vya kweli. Mbao zile ilibidi zianze kuhesabiwa upya.

"Tezo yangu utairithi," akasema, "maana hakuna mwingine. Ila katika banda hili hutakata kijiti tena nikiwa hai. Omari atakata."

Siku mbili tulifanya kazi. Mimi nilipiga randa, nikachora bawaba, nikapasua ncha kwa msumeno. Ndipo mstari ulionyooka ulipohitajika. Yeye alichonga. Mbambakofi ni mgumu kama pembe, hausamehe. Shada halikupanda juu kama lile la mfenesi, na ua likatoka dogo. Hatukuzungumza ila ya kazi. "Nipe ile ndogo." "Noa kwanza." Alhamisi alasiri akaigonga kwa kiganja, haikufunguka. Akanitazama. "Gonga wewe," akasema. Nikagonga kwa shoto yangu. Tak.

Ijumaa niliketi nyuma, karibu na viatu. Mwanaisha alisoma bila kukwama, marufaa imesimama chini ya msahafu imara kama imeota pale. Mkononi alikuwa na kijiti kipya, cha masalio ya mbambakofi, hakina mkato. Baada ya dua na halua, wazee waliipokezana wakiitazama.

"Nani kachonga?"

"Mimi," akasema Omari. "Ubao wa Athumani, na bawaba."

"Mashaallah, ua hili!" wakasema. "Tazama ua hili!" Hakuna aliyetazama bawaba.

Nanyi mnadhani nilikuwa nimepona. Niliketi pale nikitafuna halua, na wivu ulikuwa palepale, umeketi nami, umekunja miguu. Omari alirudi bandani Jumatatu, akakaa miaka yote iliyofuata, akichora nami nikichonga, mwandamo hadi mwandamo akikata vijiti na mimi nikitazama. Ua la mlango ule wa pwani ni letu sote wawili. Watu husifu mchoro. Nyumba nilijenga hatimaye. Mlango wake mmeingia kwa huo sasa hivi, hamkuuona, kwa sababu hauna kitu cha kuona.

Kijiti cha uongo alinirudishia Omari siku ile ya hitima, tulipoagana. "Kaa nacho wewe," akasema. Ni hiki hapa juu ya kinoo. Kishike. Mikato yote mitatu ina kina kimoja, umri mmoja, kisu kimoja. Mikato ya kweli haifanani. Ule wa kwanza huwa umechakaa unapokata wa tatu. Ungekuwa umekwisha kushika vijiti mia, ungelijua hilo kwa ukucha. Omari hakuwa amevishika, na aliyepaswa kumwonyesha alikuwa mimi.

Sasa inukeni. Chukua ubao ule wa ukutani, ni wenu. Mwaka ujao utatoa miko mitatu na kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Ulaze kivulini juu ya vipande viwili vya mti, upepo upite chini yake. Kata mwanzi mkavu ulingane na upana wake, usizidi, usipungue, uufunge kwa uzi. Mwezi ukiandama, pima. Mwanzi ukichomoza, ukate ulingane, usitie kitu. Ukilingana, tia mkato mmoja, kwa mkono wako mwenyewe, siku hiyo hiyo. Msumeno usiguse mpaka iwe mitatu.